Sauti Mbili za Ikupa

Ikupa aliacha kuchuma chai akiwa msichana, akawa mwimbaji wa kikundi cha sanaa cha kiwanda. Siku hizo kiwanda kilikuwa cha serikali, na kilijivunia kikundi chake. Walicheza maigizo ya kuimba: hadithi nzima, kuanzia posa mpaka ugomvi wa shamba, iliimbwa jukwaani huku ngoma zikilia nyuma. Ikupa aliigiza mchumba, mama mkwe au mjane, kadiri hadithi ilivyotaka. Watu wa vijiji vya Suma na Mpuguso walitembea kwenye mvua kuja kumsikia, na wakirudi nyumbani waliimba vipande vyake wakipalilia migomba.

Katika miaka ya tisini kiwanda kikauzwa. Tajiri mpya hakuwa mtu mbaya, ila hakuona kwa nini kiwanda cha chai kiwalishe waimbaji. Ngoma zikafungiwa stoo. Ikupa akarudi Mpuguso kulima na mumewe, Jotham. Hakulalamika, lakini hakuimba tena, na Jotham akaliona hilo.

Ndipo redio za watu binafsi zikaanza. Moja ilifunguliwa Mbeya mjini, ikatafuta watangazaji.

"Nenda ukajaribu," Jotham alimwambia.

"Nikaseme nini? Mimi ni mtu wa jukwaani."

"Nenda tu, mama. Hapa nyumba imekuwa kama ya wafiwa."

Akaenda. Aliyemsaili aliitwa Fred, kijana aliyesomea utangazaji Dar es Salaam. Alimpa taarifa ya habari asome. Ikupa akasoma kwa sauti nzito, ya kupendeza, lakini Kinyakyusa kilikuwa kimemkaa ulimini: "zawadi" ikatoka "sawadi", na "viongozi" wakawa "fiongosi".

"Sauti unayo, mama," Fred alisema kwa upole. "Ila habari hazisomwi hivyo. Samahani."

Ikupa hakuinuka kitini. "Habari sizitaki, baba. Nipe igizo la kuimba. Mzee wa kijijini Lupepo akigombana na mkewe, utamtaka aseme kama mtu wa pwani?"

Fred akacheka. Akampa nusu saa ya majaribio, Jumapili mchana.

Ikupa alimchukua Meshaki, mpiga ngoma wa kile kikundi cha zamani, aigize mzee. Yeye angekuwa mke. Jumapili ilipofika mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari la Meshaki likanasa kwenye matope. Saa ya kipindi ikakaribia. Fred akachukua kaseti ya muziki.

"Usiiweke," Ikupa alisema. "Mzee nitakuwa mimi."

Taa ya studio ikawaka. Akaimba kama mke, akilalamika kwamba mumewe amekata mgomba wake bila kumwuliza. Kisha akashusha sauti mpaka chini kabisa, akajijibu kama mzee, akipiga meza kwa kiganja badala ya ngoma. Nyuma ya kioo Fred alikuwa ameziba mdomo asicheke. Katikati ya ugomvi maneno yakampotea. Ikupa akakohoa, kikohozi kirefu cha kizee, akaendelea kukohoa mpaka maneno yakarudi.

Meshaki alifika kesho yake, suruali imejaa matope mpaka magotini, akaelezwa yaliyotokea.

"Afadhali," alisema. "Mimi kusema mbele za watu kulikuwa kunaninyima usingizi. Nitapiga ngoma."

Kipindi kikadumu miaka, Ikupa akiwa mke na pia mzee mwenye kikohozi. Fred alimfundisha "z" na "v" taratibu, na hatimaye Ikupa akawa anasoma pia matangazo ya vifo na ya harusi, na hakuna aliyemcheka. Lakini watu walimngoja Jumapili.

Siku moja alikwenda sokoni Tukuyu na Jotham. Wakasimama kwa mama mmoja muuza tangawizi, jina lake Veronika.

"Ugonile, mama," Ikupa alimsalimu.

Veronika akamtazama. "Sauti hii naijua. Wewe ni yule wa redioni. Na mzee wako, kikohozi kimepungua?"

Ikupa akamgeukia Jotham. Jotham akasogea mbele.

"Nimepona, mama. Ndaga, asante."

Veronika alimkagua kuanzia kofia hadi viatu. "Kumbe bado kijana," alisema. Akachagua kipande kinene cha tangawizi, akamtia mkononi. "Chemsha hata hivyo. Kikohozi kama kile hurudi. Na migomba ya mwenzio usiiguse."

"Siigusi tena," Jotham aliahidi.

Jioni wakanywa chai ya tangawizi hiyo, Jotham akaomba kikombe cha pili.