Goti la Nadia

Asubuhi moja huko Gatete, mwiba wa mchikichi ulimchoma Nadia kwenye goti alipokuwa akiokota chikichi zilizodondoka karibu na kikamulio cha mawese. Damu ilitoka kidogo. Babu yake, Hamidou, aliyetibu majeraha ya wakamuaji wote wa pale, alichovya kidole gumba katika mawese ya vuguvugu, akapaka, akasema mbele ya watu:

"Kidogo tu. Tungoje kidonda kiive."

Mama yake Nadia, Hadjara, alikuwa Kabonga akiuza mawese. Jioni, habari zilipomfikia, alipiga simu.

"Baba, goti iko namna gani?"

"Bado haijaiva."

Baada ya siku chache goti likawa jekundu kama chikichi iliyo tayari kukamuliwa, likatoa joto. Hamidou aliweka birika juu yake na chai ikachemka. Nadia alikaa tuli asije akaimwaga.

Jirani yao Zipora, makaa yakiwa yamemwishia, alikuja na sufuria ya maharage.

"Muzee Hamidou, unataka iive mpaka wapi? Peleka mutoto kwa muganga wa kituo cha afya."

"Ulikuja kupika ao kunifundisha?"

Zipora alitazama goti, kisha sufuria.

"Nilikuja kupika," akasema, akaiweka sufuria juu ya goti na kuifunika.

Maharage yalikuwa laini, na majirani walikula.

Hamidou alikuwa ameuona mstari mwekundu ukipanda kutoka kwenye goti kwenda pajani. Aliwahi kuuona kwenye mkono wa mkamuaji mmoja, na yule walimzika. Aliufunika kwa kitenge. Alikuwa amekwisha kusema "kidogo" mbele ya watu.

Mstari ulipofika kwenye nyonga, Nadia alikataa chai. Hamidou alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Shati lake liliungua pale goti lilipogusa.

Muuguzi Benedicte aligusa goti, akarudisha mkono, akalifunga kwa kitambaa cha maji. Mvuke ulipanda hadi darini.

"Joto ilianza lini?"

Zipora, aliyewafuata, alitazama miguu yake mwenyewe.

"Jana," akasema Hamidou.

Benedicte alimgeukia mtoto. "Ni jana, kamama?"

Nadia alimtazama babu yake.

"Ni jana," akasema bila kutikisika, kama alivyokuwa akikaa chini ya birika.

Benedicte alisema mtoto atalala pale, na kwamba kuhusu mguu hawezi kuahidi kitu.

Hamidou alirudi kwenye kikamulio na tundu la shati mgongoni. Mwanamke mmoja alikuwa akimngoja na binti yake, aliyekatwa na panga kidoleni.

"Iko kidogo, Muzee?"

Hamidou alichovya kidole gumba.

"Kidogo tu," akasema.

Simu ililia mfukoni. Alijua ni Hadjara. Hakuipokea, kwa kuwa kidole chake kilikuwa na mawese.