Kisiwa Kilichoonekana Dirishani

Nilikuwa na miaka sita nilipopanda ndege kwa mara ya kwanza na ya mwisho, Bukoba hadi Mwanza. Mama alimpakata mdogo wangu Jenifa, aliyekuwa akipelekwa hospitali. Mimi nilipewa dirisha. Jenifa hakurudi nasi kijijini Ihanda, lakini dirisha lile lilibaki nami. Kwa sababu yake, mimi mkulima wa kahawa nilijifundisha mchezo wa kuendesha ndege kwenye kompyuta, nikiandika kila kosa daftarini, mpaka nikaweza kuruka na kutua bila kuanguka.

Mwaka huu mama alitakiwa Mwanza kupasuliwa nyonga. Daktari alikataza basi. Mama akakataa ndege.

Nilidhani ni woga. Jumapili, nilipotoka kanisani, nikamketisha juu ya mito, nikafungua kompyuta mezani ili aizoee safari.

"Haya, rubani wa kahawa," alisema. "Usinimwage kama bodaboda wa Murongo."

Tukaruka kutoka Bukoba. Alicheka mabati ya nyumba yalipozidi kuwa madogo. Ziwa likatanda mbele yetu. Nikasahau kwamba nilikuwa mwalimu wake. Nikapiga kelele kama zamani.

"Mama, tazama kisiwa!"

Kicheko cha mama kikakatika. Alishika ukingo wa meza.

"Ulisema hivyohivyo," alisema. "Na Jenifa alikuwa ameshakata roho."

Sikuelewa. "Si alifia hospitali, mama?"

"Alifia hapo. Mapajani mwangu. Nikamfunika kanga usoni. Wewe ulikuwa unacheka, Dastan, ningekuambia nini? Nikakujibu, kizuri."

Nilikumbuka. Alisema "kizuri" bila kugeuka. Miaka thelathini nimelitunza neno hilo.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Ndege ikabaki imening'inia juu ya maji, bila mlio. Nilimtazama mama kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana.

"Mbona umesimama?" aliuliza.

"Basi, mama. Nitatafuta gari. Tutakwenda polepole, hata siku tatu."

"Sikuona tulivyotua. Nilikuwa nimeinama juu yake. Endelea."

Nikaendelea. Ndege ikayumba. Mawe ya Mwanza yakatokea, kisha uwanja. Magurudumu yaligonga lami mara mbili, yakatulia. Mama hakupepesa macho.

"Kumbe ni hivyo tu," alisema.

Aliweka kiganja juu ya mapaja yake.

"Kata tiketi. Ila dirishani nitakaa mimi."