Mlango wa Pembeni

Mlima ulilipuka upande wa Chile, majivu yakaja kuwaangukia watu wasiohusika, huku Chubut, ng'ambo ya mpaka, kwa Ermelinda Antieco na mumewe Celestino. Yalifunika nyasi, yakaingia machoni mwa kondoo mpaka wengi wakawa vipofu. Kondoo kipofu nyikani ni chakula cha mwewe, nao huanza na macho hayo hayo, mnyama angali hai.

Kondoo mmoja alikutwa korongoni akiwa hivyo. Chini ya tumbo lake palikuwa na mwanakondoo jike, kitovu bado kibichi, anafyonza chuchu isiyo na kitu. Ermelinda alimtia ndani ya koti, akamleta jikoni na kumsugua kwa gunia mpaka akaanza kutetemeka, maana asiyetetemeka huyo ameshakwenda. Chupa ilikuwa ya mvinyo, na chuchu ilikuwa kidole cha glavu ya mpira kilichotobolewa kwa sindano. Joto la maziwa ya unga alilipima ndani ya kiwiko, kama alivyompimia mwanawe Rubén zamani.

"Unamnyonyesha maiti," Celestino alisema.

"Maiti gani ana njaa hii? Njoo utie kidole mdomoni mwake uone."

Akamwita Ceniza, yaani majivu, kwa kuyakomoa majivu yenyewe.

Mwanakondoo wa chupa hajui kwamba yeye ni kondoo. Ceniza alilala nyuma ya jiko, akafuata sketi ya Ermelinda mpaka chooni, na akisikia pete ya ndoa inagonga chupa alikuja mbio popote alipo. Ermelinda alimpenda, kwa nini nifiche, lakini mapenzi yale yalikuwa na sababu nyingine pia. Waliobaki zizini walikuwa wa kuuzwa kabla hawajafa. Ceniza peke yake alikuwa jike changa mwenye macho mazima, na dume la kuazima halikosekani kwa jirani. Akibaki yeye, kundi lina mbegu, na wao wana sababu ya kubaki. Akiondoka, watahamia mjini kwa Rubén, walale sebuleni na kuomba ruhusa ya kufungua friji. Celestino alikuwa amechoka, mji aliutaka. Hata hivyo alimwapia mkewe.

"Huyo ni wako. Hakuna wa kumgusa."

Lori la machinjioni lilikuja mwezi Machi, na dereva wake alikuwa Fabricio, mtu wa maneno mengi. Kondoo waligoma. Ubao wa kupandia hawakuuona, waliunusa tu, wakanusa na damu ya waliotangulia, wakaganda pale pale. Mbwa wa kuwasukuma hakuwepo, majivu yalishamla mapafu. Celestino alimbeba mmoja akamtupa ndani. Kondoo akawahi kushuka kabla yake.

"Mzee, unacheza nao dansi?" Fabricio aliuliza. "Upepo ukianza, majivu yanafunga barabara. Mimi saa sita nageuza gari, na huku kuzimu sirudi tena."

Ermelinda alikulia kwenye shamba la tajiri, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Kule kondoo wa chupa alikuwa na kazi: alitangulia kupanda, wenzake wakafuata kwato zake, kisha yeye akatolewa kwa mlango mdogo wa pembeni, nyuma tu ya kichwa cha lori. Kila lori la kondoo alilolijua lilikuwa na mlango ule. Basi akaenda mbele na chupa, akasimama nje ya vyuma vya ubavuni, vilivyofika hadi paani, akaigonga kwa pete.

Ceniza alikata katikati ya kundi, akapanda. Kondoo wa kwanza akasikia kwato, akamfuata. Wakapanda wote, wakajaa hadi nyuma.

Ermelinda akashika mlango wa pembeni. Haukutikisika. Vidole vyake vilikuta mshono wa kuchomelea, toka juu hadi chini.

"Unafunguliwaje huu?"

"Haufunguliwi, mama," alisema Fabricio. "Ulinifungukia njiani nikapoteza kondoo sita. Nikauchomelea."

Akamgeukia mumewe. Celestino alikuwa anatazama viatu vyake.

"Uliuona?"

"Asubuhi, nilipokuwa naweka ubao."

"Ukanyamaza."

"Tumezeeka, Erme. Ningesema, ungemfungia jikoni, hawa wangefia hapa, na wewe ungebaki ukiwatazama."

"Tunaweza kuwashusha," alisema Fabricio. "Ila wakishuka, hawapandi tena."

Hilo Ermelinda alilijua. Juu ya nguzo za zizi mwewe walikuwa wameshatua, wanangoja.

"Funga," alisema.

Ceniza alipenyeza pua kati ya vyuma, akaitafuta chupa, akanyonya mkia ukicheza. Ermelinda hakuitoa. Fabricio alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari mpaka maziwa yakaisha.

Lori lilipopotelea katika vumbi, Celestino alimgusa mkewe begani.

"Twende ndani, upepo unaanza. Jioni nitampigia Rubén."

"Mpigie. Mwambie atandike kitanda kimoja, chako."

Akaingia jikoni kuosha chupa.