Chipset Niliyomchagulia Mathe

Kitonga aliniambia tuweke motherboard ile ya H kwa computer ya kurusha ibada. Tunaunda computer pamoja kwa kastall yetu tao, na kwa vile yeye huongea polepole, mimi humfunika kwa maneno.

"Bro, hii ni matanga, si game."

"Ni matanga ya mathe yangu. Unataka Nthenya amwone kama katuni?"

Nthenya ni dada yangu. Anafanya kazi ya nyumba Saudia, na boss wake alikataa kumpa ruhusa. Ibada ilikuwa imfikie live kwa simu kutoka kanisa yetu ya mtaa wa Satellite, halafu mwili upelekwe Kitui. Hakukuwa na njia ingine ya kumwona mathe.

Tulikuwa na motherboard mbili, processor ile ile inaingia zote, tofauti ni chipset, ile chip inaamua processor itaenda mbio aje. Chipset ya H haikubali usukume processor ipite speed yake, inaenda mwendo wake tu. Tuliiacha ikichapa kazi weekend nzima na haikukohoa. Ya Z inakubali. Niliisukuma, picha ikatoka safi mpaka unaona nyuzi za kitambaa. Niliipima nikikunywa soda. Soda ikaisha, nikasema iko sawa, tukabeba hiyo.

Kanisa yetu ni ya mabati na siku hiyo jua ilikuwa imeamka vibaya. Kwaya ikaimba, pasta akaongea, yote ikapita poa. Halafu wakafungua sanduku, watu wakapanga laini ya kumuaga mathe, na screen ikakwama. Ikabaki ua moja na nusu ya mkono wa pasta.

"Restart!" Kitonga akasema.

"Kwani unadhani niko hapa chini naomba?"

Ikawaka, ikakwama tena; kwa hiyo joto, processor niliyosukuma ilikuwa imechemka. Nikabaki chini ya meza nikirudisha processor kwa speed yake ya kawaida. Niliona viatu za watu zikipita. Aunty Kaindi akainama, "We kijana, kuja umuage mamako!"

"Dakika moja, aunty."

Picha iliporudi, walikuwa wanafunga sanduku.

Kitonga akaanza kukunja waya. Afadhali angenitukana.

Nthenya alipiga tukiwa tumeshika barabara ya Kitui, mimi nimekaa kando ya sanduku.

"Sijakasirika," akasema. "Niambie tu. Walimvalisha ile nguo ya kijani nilimtumia?"

Niliangalia ile mbao. Hata mimi sikuwa nimemwona.