Chungu cha Kuondokea

Kwetu Qualla, kijiji cha milimani, nyumbani kwa mama yangu Ollie, binti haolewi mbali mpaka afinyange chungu kikubwa kitoke motoni kizima. Sheria hiyo aliikuta kwa bibi, mama yake. Changu cha kwanza kilipasuka. Cha pili nacho kikapasuka, tena kitakoni palepale. Jarrett, mchumba wangu wa Snowbird, ng'ambo ya milima, alikuwa amechoka kusubiri. "Dessie, na hiki kikipasuka, mimi basi," akaapa.

"Una mikono ya baridi," mama akaniambia. "Chungu kinamjua ambaye hajakomaa."

Ningefanya nini? Wenzangu wana watoto wanaokimbia, mimi bado naulizwa nakwenda wapi.

Cha tatu nilikisugua kwa jiwe la mto mpaka kikang'aa, nikakiweka kando ya jiko kipate joto taratibu, maana chungu chenye unyevu kikiingia motoni hakina maisha. Alfajiri nikaamka kukigeuza. Nikamkuta mama amechutama pale, mkono wote umezama ndani ya chungu. Akautoa. Ulikuwa umeshika kitambaa kinachodondosha maji.

Jamani! Mama yangu mzazi!

Hasira zilinipanda. "Kumbe ni wewe!"

Nikavuta kiti, nikakaa kati yake na chungu. "Leo hukigusi. Hata kwa jicho."

"Na chooni huendi?"

"Siendi!"

Nikakaa. Akapika mkate wa maharage, akaniwekea miguuni, sikuuonja. Chungu kilipokauka kabisa nikakichoma mwenyewe uani, nikautupia moto magunzi ya mahindi, moshi ukakigeuza cheusi. Jarrett akafika na pikapu yake, hakushuka.

Nilipokitoa na kikapoa, mama akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia, ngee! Kizima.

Akakaa chini, kwenye majivu yaleyale.

"Na mimi nilikuwa na mchumba," akasema. "Hukohuko Snowbird. Vyungu vyangu vyote vilipasuka kitakoni. Nikaamini nina mikono ya baridi, mpaka bibi yako aliponiambia ukweli siku anakufa."

"Bibi naye?"

"Tofauti ni kwamba wewe uliamka mapema, mwanangu."

Nikajikuta nimeketi naye, chungu mapajani. Nani atamchimbia udongo mtoni? Nani atampasulia kuni? Nilimchukia, na kumwacha nikashindwa. Jarrett akapiga honi. Akapiga tena, na mimi bado nimekaa.

Mama ndiye aliyeinuka. Akaubeba mzigo wangu wa nguo, akautupa nyuma ya pikapu.

"Ondoka," akasema, "kabla sijaenda kuchota maji mengine."