Guga na Kidonge cha Kamera

Kesho asubuhi Torcuil angemeza kidonge chenye kamera, na leo hii ndipo wanaume wa kijiji chetu cha Ness waliporudi kutoka kwenye mwamba wa baharini na guga. Makinda haya ya ndege wa baharini huja mara moja tu kwa mwaka, yamekolea chumvi. Wageni huziba pua yakichemka. Sisi hudondokwa na mate.

Muuguzi alishamwonya: leo supu nyepesi tu na dawa ya kusafisha tumbo. Utumbo usipokuwa safi, kamera haioni kitu. Kipimo cha choo kilikuwa kimeonyesha damu. Kaka yake, Iain, aliificha damu kama hiyo miaka miwili, na mficha maradhi kifo humuumbua. Walimzika Aprili.

Jioni mkewe, Effie, alimfuma jikoni kashika paja la guga.

"Weka chini, mzee."

"Kipande tu, Effie. Njaa inaniua."

"Njaa! Iain alikufa kwa njaa?"

 Njaa yenyewe Torcuil hakuwa nayo. Dawa ilishaikata tangu mchana. Alitaka utumbo uwe mchafu, kamera iambulie giza, naye aendelee kuishi bila kuambiwa kitu.

"Naogopa," akasema.

Mwanamume huyu alikuwa akining'inia kwa kamba kwenye majabali kukamata ndege hao hao. Kwa miaka thelathini na minane Effie hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Hunishindi mimi kwa kuogopa," Effie akasema. "Ndiyo maana nataka tuone." Akamnyang'anya lile paja, akabeba sufuria nzima akaipeleka kwa jirani. Yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

Kulipokucha muuguzi akaleta kidonge, kikubwa kama haragwe. Torcuil akakimeza, akavishwa mkanda wa kunasia picha, akaambiwa atembee. Alitembea mbugani na Effie pembeni yake, wakigombana kuhusu kondoo.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Effie ndiye aliyeipokea, maana Torcuil hakutaka kuigusa.

"Wameona vinyama viwili vimeota utumboni," akamwambia. "Vidogo. Watavitoa Jumanne, kabla havijageuka kansa. Umesikia, mzee? Vidogo!"

Torcuil akakaa kitini. Effie alidhani angecheka.

"Hata vya Iain," Torcuil akasema, "kuna siku vilikuwa vidogo." Ndipo akamlilia kaka yake, kilio ambacho hakukilia makaburini.