Hospitali Hawavuti

Nilikuwa nacheka waliponivuta mkono. Hilo ndilo sijalisamehe hadi leo. Maumivu niliyasahau zamani.

Asubuhi hiyo nilianguka kutoka kwenye mkorosho wetu, kule Ganda, nikifuata bibo ambalo hata tumbili walikuwa wamelidharau. Nilikuwa na miaka tisa. Kifundo cha mkono kilipinda kama uma uliokaliwa. Nyanya akataka nipelekwe kwa Mzee Mangi, fundi wa mifupa, anikande kwa mafuta ya nazi, anivute, anifunge vijiti. Mimi Mzee Mangi nilimjua kwa mayowe ya wateja wake. Nikamng'ang'ania Baba shati kwa mkono uliobaki mzima.

"Hospitali hawavuti," Baba akaninong'oneza. "Wanapiga picha, wanafunga plasta, basi."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu, mwanangu."

Nikaenda natamba kama bwana harusi.

Daktari Bridgit aliitazama picha, kisha akamwita Baba mlangoni. Wakasemezana kwa sauti ya chini. Baba akarudi amechangamka kupita kiasi. Nikadungwa sindano ya ganzi, muuguzi akanishika kiwiko, "usitikisike tu." Baba naye akaanza kisa cha binamu yake Kaingu, aliyekwenda kuposa na suruali ya kuazima. Wazee wamekaa, soda zimefunguliwa, mara mwenye suruali huyo anaingia. Kumbe ni mjomba wa bi harusi!

"Akamtazama Kaingu miguuni, akasema..."

Nikaangua kicheko. Daktari akavuta.

Ndani ya mkono kitu kilirudi mahali pake, kikilia kidogo kama ganda la korosho likivunjwa. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameugeukia ukuta.

"Umenyooka, na hatukupasua," Daktari akasema, akizungusha plasta mbichi yenye uvuguvugu. "Mifupa ya watoto ina adabu, ukiirudisha inatulia. Na baba yako kanisaidia sana. Bila yeye ungejikaza."

Kumbe walikuwa wamepatana.

Tulipotoka, Baba akaninunulia soda, akanifungulia mwenyewe. Sikuinywa. Mama alikuwa Saudia, kazini, na kila nilipouliza habari zake Baba alinijibu bila hata kufikiri. Sikuwahi kumtilia shaka.

"Baba," nikasema, "ni kweli Mama atarudi Krismasi?"

Akakohoa. Akanitengenezea kitambaa kilichoning'iniza mkono shingoni, ingawa kilikuwa sawa. Kisha akaanza kunisimulia kichekesho kingine.